Naanza kazi jikoni hotelini Jumatatu, naomba ushauri

Wakuu, salamu. Nimemaliza kozi ya upishi VETA, na Jumatatu naanza kazi kwenye hoteli moja ya kitalii huku Nungwi, Zanzibar. Nyumbani napika pilau ya watu hamsini bila wasiwasi, lakini siku ya majaribio nilichemka. Shefu alinipa ndoo ya vitunguu nikate vidogo vidogo, vyote vilingane. Mimi niko kwenye cha kumi, mwenzangu kamaliza ndoo yake. Oda zilipoanza kuingia, watu wanapita na sufuria za moto nyuma yangu, mimi nimeganda kama nguzo.

Zamu ni saa 9 alasiri hadi saa 5 usiku, kusimama tu. Viatu visivyoteleza kwenye mafuta nitavipata sokoni Darajani? Kisu ninunue changu au nisubiri mshahara? Na vidole mnavilindaje mkikata kwa kasi? Nikivikunja kama tulivyofundishwa, mkono unakuwa mzito.

Kinachonisumbua zaidi: chuoni tulikariri mbao za kukatia kwa rangi: ubao mwekundu nyama mbichi, wa bluu samaki, wa kijani saladi. Pale niliona mbao nyeupe tupu, kuku na nyanya vinakatwa kwenye ubao huo huo. Mgeni kama mimi niulize, au ninyamaze kwanza nizoeleke?