Mjadala: Msamati kumcheza Iago na Salieri. Rangi ya mwigizaji ina uzito gani?

Mleta mada
Wadau, tujadili hili kwa hoja. Lucian Msamati, mwigizaji wa Uingereza aliyezaliwa London mwaka 1976 na wazazi Watanzania, akakulia Zimbabwe, alimcheza Iago, mlaghai ambaye kwa kawaida huchezwa na mzungu, katika Othello, tamthilia ya Shakespeare kuhusu jenerali mweusi, iliyoandaliwa na kampuni ya maigizo ya Royal Shakespeare Company mwaka 2015. Ni mweusi wa kwanza kupewa nafasi hiyo na kampuni hiyo. Mwaka uliofuata National Theatre ya London ikampa nafasi ya Salieri, mtunzi wa muziki anayemhusudu Mozart, katika igizo la Amadeus la Peter Shaffer. Iago ni wa kubuni, sina neno. Lakini Salieri aliishi: Mwitaliano, alizaliwa Legnago 1750, akafia Vienna 1825, na picha zake zipo. Kwa mtu wa historia, mimi napinga. Tukikubali hapa, mzungu akitaka kumcheza Nyerere tutamzuia kwa hoja gani?

Mchangiaji wa pili
Mkuu, unaichukulia Amadeus kama historia, na siyo. Uvumi kwamba Salieri alimuua Mozart kwa sumu hauna ushahidi. Mshairi Mrusi Pushkin aliutungia igizo fupi mwaka 1830, Shaffer akaujenga upya mwaka 1979. Salieri halisi alimfundisha muziki mtoto wa Mozart. Kama tumevumilia marehemu kusingiziwa husuda ya kiasi hicho, rangi ya ngozi ni jambo dogo.

Halafu itazame kazi yenyewe. Salieri anaanza akiwa mzee, mwaka 1823, kisha anavua joho na kofia mbele ya macho yetu na kuwa kijana wa 1781. Hatoki kwenda kupakwa chochote. Mgongo unanyooka, sauti inapata nguvu, basi. Mtazamaji aliyekubali kwamba miaka 42 imefutika kwa kuvua vazi ameshaikubali kanuni ya jukwaa.

Kipimo chenyewe kiko kwingine, kwenye Adagio, sehemu ya polepole, ya serenade ya Mozart ya ala 13. Salieri anausimulia muziki huku unapigwa: ala za chini zinaanza kudunda polepole, kisha obo, ala ya kupuliza, inashika noti moja huko juu na kuining'iniza, mpaka klarineti inaipokea. Mwaka 2016 wapigaji wa Southbank Sinfonia walikuwa jukwaani pamoja na waigizaji, si kanda iliyorekodiwa. Maneno yakiitangulia obo, mshangao umeuawa. Yakichelewa, mwigizaji anaelezea kitu ambacho tumeshakisikia wenyewe. Anayebeba dakika hizo ndiye Salieri.

Mleta mada
Kuhusu serenade nimekuelewa. Swali la Nyerere hujaligusa.

Mchangiaji wa tatu
Ndugu mleta mada, hilo la kinyume lilishafanyika. Laurence Olivier, mwigizaji mzungu wa Uingereza, alimcheza Othello mwaka 1964, National Theatre ilipokuwa Old Vic. Alifanya mazoezi ya kuishusha sauti, akajipaka rangi mwili mzima, tabaka juu ya tabaka, akasuguliwa kwa kitambaa cha shifoni ili ngozi ing'ae. Filamu ya 1965 ilimpatia uteuzi wa Oscar. Kipaji kilikuwepo. Kilichoharibika ni kwamba nguvu nyingi ziliishia kumwiga "mtu mweusi" wa jumla, akapotea yule jenerali mmoja anayeitumikia Venice. Na kamera iliposogea, rangi ilionekana kuwa rangi tu.

Msamati hakujipaka chokaa ili awe Salieri. Alikwenda na uso wake. Kwa hiyo mzungu akimcheza Nyerere bila kujipaka, katika igizo linaloeleza kwa nini limefanya hivyo, nitakaa nilitazame. Akijipaka, napinga.

Halafu usisahau mizani haikuwa sawa tangu mwanzo. Ira Aldridge, mweusi mzaliwa wa New York, alimcheza Othello London tangu 1825. Hata hivyo mwaka 1981, BBC ilipomtaka James Earl Jones, mwigizaji mweusi wa Marekani, kwa Othello ya televisheni, chama cha waigizaji cha Equity kilipinga kuletwa Mmarekani, na nafasi ikaenda kwa mzungu, Anthony Hopkins.

Mchangiaji wa nne
Nirudi kwa Iago, maana mnampita haraka. Hugh Quarshie, aliyekuwa Othello mwaka 2015, ndiye aliyedai kwenye mhadhara wa 1998 kwamba huenda Othello ndiyo nafasi ambayo mwigizaji mweusi hapaswi kabisa kuicheza. Tatizo liko kwenye tendo la tatu, onyesho la tatu: Othello anaingia ametulia na, kwa uongo wa Iago, anatoka akitaka kumuua mkewe. Akiwa mweusi peke yake jukwaani, watazamaji wanaanza kudhani ni "damu yake".

Iago naye akiwa mweusi, dhana hiyo inakosa pa kushika. Othello anamwamini mwenzake, na chuki ya Iago inarudi kwenye lalamiko lake la mwanzo, kwamba cheo kapewa Cassio, mtu wa vitabu asiyejua vita. Iago ana mistari zaidi ya 1,000, Othello hafikishi 900, kwa hiyo tafsiri ya Iago ndiyo tafsiri ya mchezo.

Ugumu uko kwenye onyesho la kwanza kabisa, anapompigia Brabantio, baba wa mke wa Othello, kelele gizani kuhusu kondoo dume mweusi, yaani Othello. Iago mweusi akilitamka kama tusi lake mwenyewe, mhusika anavunjika. Inabidi alilenge sikio la mzee: anajua ubaguzi wa Brabantio uko wapi, na anaubonyeza.

Mchangiaji wa tano
Hapo ndipo ninapoona hasara. Ubaguzi wa Venice unapoteza sura yake kuu, na aliyebaki kuubeba ni Brabantio, anayetoweka baada ya tendo la kwanza. Nakubali uchaguzi ule ulikuwa na akili, ila una gharama.

Na kwa anayesema haya yanawezekana jukwaani tu kwa sababu ya umbali: kwenye skrini Msamati amekuwa Matekoni, fundi magari wa Gaborone, na mwaka 2024 akawa Adeyemi, kadinali wa Nigeria, katika Conclave. Nafasi za Waafrika. Lakini Amadeus ile ilirushwa kwenye kumbi za sinema mwaka 2017, na Julai 2020 ikawekwa YouTube bure kwa wiki moja. Kamera zilimsogelea usoni kwenye serenade ileile, na Salieri alikuwepo.