Naomba ushauri: Je, Guitar Town itamfaa mzee wa Jim Reeves?

Wanajukwaa, salamu. Baba yangu anatimiza miaka sabini mwezi ujao, nami nataka kumnunulia santuri. Tangu tukiwa wadogo, Jumapili nyumbani kwetu Nakuru haikuanza kabla Jim Reeves hajaimba, akifuatwa na Kenny Rogers, na ngoma zikizidi kidogo tu mzee husema hiyo si kantri, ni fujo. Muuzaji ananihimiza nichukue Guitar Town ya Steve Earle, iliyotoka mwaka 1986, lakini nilipoionja niliona imejaa rokenroli. Niichukue, au nitamharibia mzee siku yake?

Jibu la kwanza
Ningekushauri uiache. Earle mwenyewe alikiri kwamba tamasha la mwanaroki Bruce Springsteen ndilo lililomsukuma kuandika nyimbo hizo, na ngoma zake zina kishindo cha ukumbi mkubwa, ilhali Reeves huimba kana kwamba anakunong'oneza. Mnunulie mzee anachokijua.

Jibu la pili
Namheshimu aliyetangulia, ila anaihukumu albamu kwa wimbo wake wa kwanza. Ni kweli unafunguka kwa gitaa zito linalounguruma, lakini sikiliza gitaa la kulazwa (pedal steel) la Bucky Baxter linavyolia katika albamu hii, kisha uniambie kama hiyo si kantri. Watayarishaji wake, Tony Brown na Emory Gordy, wote waliwahi kumpigia Elvis Presley, mmoja kinanda na mwingine besi, kwa hiyo rokenroli haikuingia humo kama mgeni. Na wasikilizaji wa kantri hawakuikataa, kwani ilishika namba moja katika orodha ya jarida la Billboard ya albamu zao. Mchezeshee mzee Hillbilly Highway: babu anaacha mgodi na kwenda Detroit, baba anasoma na kupata kazi Houston, mjukuu anaacha shule na kuondoka na gitaa. Kama mzee wako naye aliacha boma akafuata mshahara mjini, hatahitaji kufafanuliwa. Usimpe tu albamu yake Copperhead Road ya 1988. Ile ni roki hasa, hata bendi ya panki ya The Pogues imo.

Mwanzisha uzi
Ahsanteni. Jana nilimchezeshea kwenye simu My Old Friend the Blues, unaofunga upande wa kwanza, bila kumtajia mwimbaji. Alinyamaza hadi mwisho, akauliza kijana huyu ni wa wapi, kisha akataka urudiwe. Nimekwisha kulipia. Siku hiyo sindano nitaiweka hapo kwanza, na huo wimbo wa kwanza wenye ngoma nyingi ataukuta mwenyewe nikiwa nimeshaondoka.