Kuku au maua: kipi kiwekewe uzio?

Mama wa Njiro (Arusha) anauliza:

Ndugu zangu, salaam. Ninaomba ushauri juu ya jambo linalozua mabishano nyumbani kwetu karibu kila jioni. Tunafuga matetea sita, wanne wa kienyeji na wawili aina ya Kuroiler, ambao walinunuliwa kwa ajili ya mayai lakini sasa wamekuwa watu wa nyumbani. Watoto wamewapa majina, na mgeni anayetamka neno "mchuzi" mbele yao hutazamwa vibaya. Jogoo hatuna. Kiwanja chetu ni cha mita 20 kwa 30, na ukiondoa nyumba, banda na njia ya gari, zinabaki kama mita 300 za mraba ambazo mume wangu amezifanya bustani: nyasi mbele ya nyumba, mawaridi na hibiskasi kando ya ukuta, na nyuma ya jiko kuna matuta ya mchicha, spinachi na giligilani pamoja na miche ya maua tunayoikuza wenyewe.

Kuku hufunguliwa asubuhi na hurudi bandani bila kuswagwa jua linapozama, lakini kati ya nyakati hizo mbili hakuna tuta linalosalimika. Wanachakura hadi mizizi ya mawaridi inabaki wazi, wamechimba mashimo ya kuogea vumbi chini ya hibiskasi, wamemaliza spinachi, na barazani hapakanyagiki kwa kinyesi. Mume wangu anapendekeza wafungiwe kutwa nzima. Mimi naona kumfungia kuku aliyezoea kutembea ni kumwonea, tena viwavi na panzi wamepungua sana tangu walipoanza kuzunguka. Je, yupo kati yenu ambaye kuku wake wako huru na bustani yake inatazamika?

Mama Makumbi (Tanga):

Pole, dada yangu. Kabla hujafikiria uzio, chunguza kwanza saa unayomwagilia. Kuku hamfuati waridi, anafuata udongo laini wenye unyevu, kwa sababu humo ndimo minyoo na wadudu wanamopatikana kwa urahisi. Mtu anayemwagilia matuta asubuhi kisha akafungua banda anawaonyesha kuku wake mahali pa kuchimba, hasa wakati wa kiangazi ambapo uwanja mwingine wote umekauka na kuwa mgumu. Mwagilia jioni wakishalala, na kesho yake uchelewe kuwafungulia, ili udongo wa juu uwe umekauka kidogo. Kisha chagua kona moja isiyokuuma, rundika majani makavu na magugu uliyong'oa, umwagie maji, na utaona wanavyoshinda hapo mchana kutwa wakiyapekua.

Hayo mashimo ya chini ya hibiskasi msiyahesabu kuwa ni utundu. Kuku huoga vumbi ili kupunguza chawa na utitiri, na asipotengewa mahali atajichagulia mwenyewe, naye siku zote hupenda udongo mkavu, mlaini, ulio kivulini na karibu na ukuta, yaani palepale watu wanapopanda maua yao mazuri. Tafuta tairi kuukuu la lori, lijaze udongo mkavu uliochekechwa, mchanga na majivu ya kuni, uliweke chini ya upenu ambako mvua ya masika haifiki. Siku hiyohiyo yazibe mashimo ya zamani kwa mawe, kwa sababu kuku ana kumbukumbu nzuri ya mahali na ukiyaacha wazi hatalitazama hilo tairi.

Kuhusu mizizi ya mawaridi, huku kwetu pwani tunazungushia shina makumbi ya nazi, tukiyapanga yakibanana. Ninyi mna mawe mengi, basi tumieni mawe, lakini yawe makubwa kuliko ngumi mbili, maana kokoto kuku huzirusha huku na huku bila taabu. Miche michanga ninaifunika kwa tenga kuukuu nililoligeuza juu chini, nikalikandamiza kwa jiwe, hadi mche utakapopata nguvu. Zamani tenga lilikuwa la kumfunikia kuku. Kwangu linafunika mche, na kuku anaendelea na safari zake.

Kinyesi cha barazani kina sababu moja tu, nayo ni kwamba kuna mtu anayewatupia makombo hapo. Kuku husubiri mahali alipolishwa, na akisubiri sana hunya. Hamishieni chakula chote, hata ukoko wa wali, upande wa mbali wa uwanja, na msilegeze hata siku moja. Huwa wagumu kubadilika mwanzoni, lakini baraza wataliacha.

Mzee wa Kihamba (Marangu):

Mwanangu, vihamba vya huku Kilimanjaro, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, vimebeba migomba, kahawa, magimbi na miti mikubwa kwa vizazi vingi, na kuku wanapita chini yake kutwa nzima bila mtu kulalamika. Sababu ni kwamba karibu kila kilichopandwa humo kimempita kuku urefu, na ardhi imefunikwa kwa majani mazito ya mgomba ambayo hata yakichakurwa yanabaki palepale kihambani. Mboga laini huwekwa peke yake, mahali palipozungushiwa. Ukiitazama bustani yenu kwa jicho hilo, utagundua kwamba mmepanda vitu vingi vinavyoishia magotini. Acheni hibiskasi zipande, mkate matawi ya chini, na kila kichaka kipya mkikuze kwanza kwenye ndoo au chungu kilichoinuliwa, hadi shina likomae, ndipo mkihamishie ardhini na mawe yake.

Ipo pia mimea ambayo kuku huipita bila kuigusa sana: mchaichai, rozimeri, mshubiri, krotoni na bogenvilia iliyokomaa. Ukiipanga hiyo mbele na mingine nyuma yake, umepunguza nusu ya kazi. Sijawahi kuelewa hamu ya watu ya kuwa na nyasi zilizonyolewa mbele ya nyumba, lakini sitagombana na mumeo kwa hilo.

Samadi yao msiimwage mbichi kwenye matuta, kwa kuwa ina naitrojeni nyingi na inaunguza mizizi, na kwa mboga inayoliwa mbichi kama giligilani inaweza kuleta vimelea vya Salmonella. Ichanganyeni na majani makavu na maranda ya bandani, mgeuze mara kwa mara, na muiache ioze kwa muda usiopungua miezi mitatu. Hapo mawaridi yenu yatawalipa.

Daktari wa Mifugo (Morogoro):

Waliotangulia wamesema mengi ya maana kuhusu bustani. Mimi nitasema kwa upande wa kuku. Mwenye kuku huru hana uhuru wa kupulizia dawa apendavyo, kwa sababu kiwavi aliyekufa kwa kiuatilifu ataliwa na kuku, na mabaki yake yanaweza kuingia kwenye yai ambalo mtoto atalila kesho. Zile punje za kuulia konokono zenye metaldehaidi ni sumu kali kwa kuku, na kwa macho yao zinafanana na chakula. Sumu ya panya nayo isitumike mahali wanapofika.

Mumeo akikata nyasi, asiwamwagie kuku majani marefu kwa rundo. Kuku anayedonoa nyasi zilizo ardhini hukata vipande vidogo, lakini akimeza nyuzi ndefu zinaweza kujisokota kwenye gole, ule mfuko wa chakula ulio shingoni, na kuliziba. Matawi ya oleanda na lantana mkiyapogoa yaondoeni kabisa, na vivyo hivyo majani, maganda na kokwa za parachichi, ambazo zina persini, kemikali iliyo hatari kwa ndege. Hapa nataka nimtetee mama dhidi ya baba: kuku mwenye nafasi na aliyeshiba kwa kawaida huiacha mimea mibaya, ilhali aliyefungiwa na kutupiwa mabaki ya bustani hudonoa chochote kwa kukosa la kufanya.

Kwa kuwa kuku wenu huchangamana na ndege wa porini, na pengine na kuku wa jirani, msiruke chanjo ya ugonjwa wa mdondo, yaani kideri. Chanjo ya I-2 hutolewa tone moja jichoni, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Mama wa Njiro (Arusha):

Ninawashukuru sana nyote, Mzee, shikamoo. Mume wangu amesoma majibu yenu, na tairi tayari limepatikana. Makombo ya barazani mtoaji wake amejulikana, ni yeye mwenyewe, anapokunywa chai ya asubuhi. Amekubali kubadilika, na mawe pia ameyakubali, lakini anasema hataki kuona wavu mbele ya nyumba, na anaamini kuwa nyasi hazitapona maadamu kuku sita wanazikanyaga. Je, kuna kiasi cha eneo ambacho kuku mmoja anahitaji ili nyasi zisiishe? Na huko kuchelewa kuwafungulia, ni kuchelewa hadi saa ngapi?

Mpanga Bustani (Nairobi):

Kwa kuanzia na eneo, sheria za Umoja wa Ulaya kuhusu mayai ya kuku huria zinaruhusu kuku 2,500 kwa hekta, yaani mita 4 za mraba kwa kila kuku. Kipimo hicho kiliwekwa kwa ajili ya kuku, hakikuwekwa kwa ajili ya uzuri wa nyasi, na kwa eneo hilo bustani ya nyumbani inaweza kugeuka vumbi. Ninyi hata hivyo mna kama mita 50 za mraba kwa kila kuku, kwa hiyo wingi wa kuku sio unaoharibu nyasi zenu. Kinachoharibu ni kwamba hawatawanyiki: wanashinda mbele ya banda, chini ya ukuta na njia iendayo jikoni. Sogezeni maji yao ya kunywa na lile rundo la majani kila wiki chache, na nyasi zinazotambaa kwa vikonyo, kama ukoka au nyasi za Kikuyu, zitajaza mapengo zenyewe. Nyasi mpya zilizopandwa juzi ndizo zinazotaka kuzuiwa kabisa hadi zishike.

Kuhusu saa, mimi ningewafungulia saa tisa au saa kumi alasiri. Huku kwetu karibu na ikweta jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima, kwa hiyo watapata muda mzuri wa kutembea na kudonoa wadudu, nanyi mtakuwa mmerudi nyumbani kuwaangalia. Tena matetea wengi hutaga kabla ya adhuhuri; wakiwa bado bandani, mayai mtayakuta kwenye kiota, hamtayatafuta vichakani. Sharti lake ni kwamba banda liwe na kiuwanja chake cha wavu chenye kivuli na tairi la vumbi, la sivyo malalamiko ya mama juu ya kuwafungia yatakuwa ya haki.

Sasa wavu. Hapa ninatofautiana kidogo na Mama Makumbi, kwa kuwa tenga linafaa kwa mche mmoja mmoja, lakini tuta zima la mchicha halitakomaa bila uzio hata mkimwagilia usiku wa manane. Zungushieni matuta ya nyuma ya jiko peke yake, ambako hakuna mgeni anayepaona, kwa wavu wa kuku wa kimo cha mita 1.5. Upande wa juu msiweke ubao wala bomba, maana kuku hutafuta kwanza ukingo wa kutua ndipo aruke. Wavu unaoyumba humtia shaka. Mbele ya nyumba wavu uwepo, ila usionekane: ulazeni ardhini kati ya mawaridi, mkate matundu ya kupitisha mashina, kisha mfunike kwa udongo kidogo na matandazo. Kuku akichakura mara mbili tatu akakutana na waya, huhama. Mumeo hatauona, isipokuwa siku atakapotaka kupanda kitu kipya hapo, na siku hiyo atanilaumu.

Mama Makumbi (Tanga):

Kwa mboga ninakubali, kaka. Mimi nilikuwa nikifikiria maua. Hata kwangu mchicha uko ndani ya uzio, na majani ya nje yaliyozeeka ninayafunga kitita na kuyaning'iniza kwenye wavu upande wa kuku, ili nao wapate bila kuingia.

Ila mama wa Njiro ajiandae. Hao Kuroiler ni wazito na hawatausumbua uzio, lakini wa kienyeji ni wepesi, na kwa kawaida yupo mmoja anayetangulia kuruka na wenzake wakamfuata. Huyo akatwe manyoya marefu ya ncha ya bawa moja, si yote mawili, ili akiruka aende upande. Haumii, mradi usikate manyoya machanga ambayo bado yana damu ndani ya bua, na yataota tena akinyonyoka. Wengine wote waachwe na mabawa yao, kwa kuwa kuku asiyeweza kuruka ni windo jepesi la nguchiro na mbwa. Je, kiongozi wao unamjua?

Mama wa Njiro (Arusha):

Ninamjua vizuri, anaitwa Shangazi. Jumamosi tutamkata bawa, na mume wangu amekubali kununua wavu wa nyuma ya jiko kwa sharti kwamba banda lisifunguliwe kabla ya saa kumi. Tumekubaliana saa tisa na nusu.