Mbunge anayetutoza ushuru ajitaje kwa jina: kura ya "ndiyooo" ikome

Mwana wa Likoni
Jamani, nataka tujadili jambo moja na tusilikimbie. Mswada wowote unaogusa ushuru hapa Kenya upigiwe kura kwa majina, mbunge mmoja mmoja. Si ile ya Spika kuuliza wanaoafiki, ukumbi ukavuma, akauliza wanaopinga, ukavuma vilevile, kisha yeye peke yake akajua upande gani umevuma zaidi. Septemba 2018 VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 8 kwenye mafuta ilipita namna hiyo, watu wakipigiana kelele na wengine wakitoka nje. Mpaka leo hakuna wa kunionyesha mbunge gani alisema nini. Juni 2023, kwenye Mswada wa Fedha, kura zilihesabiwa: 184 ndiyo, 88 hapana, VAT ya mafuta ikapanda hadi 16 na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ukaingia kwenye mishahara. Juni 25, 2024, kwenye Mswada wa Fedha wa mwaka huo, ikawa 195 kwa 106, na tatu zikaharibika. Angalau hizo majina tuliyapata, kila mtu akamtafuta wake. Kanuni zinataka wabunge 30 wasimame ndipo kura ihesabiwe. Kwani pesa ni zao hata wao ndio waamue kama nitajua?

Hesabu Sawa
Nakuunga mkono, ila umelisahau kundi la tatu, wasiopiga kura. Jumlisha 195, 106 na 3. Unapata 304. Bunge la Taifa lina wabunge 349. Wale 45 walikuwa wapi siku ambayo vijana walikuwa nje wanapigwa risasi? Na 2023 ndiyo mbaya zaidi, waliopiga kura ni 272. Wengine 77 hawakuonekana. Aliyesema ndiyo angalau amenitazama usoni. Aliyejificha atakuja 2027 na kanga na unga, atasema yeye hakupitisha chochote, na atakuwa anasema kweli.

Kijana wa Magarini
Hesabu, toa wawili hapo. Kiti chetu cha Magarini kilikuwa wazi, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wetu Mei 2024. Banissa nao mbunge wao alifariki Machi 2023, na tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna wa kuandaa uchaguzi mdogo. Sisi hatukuwa hata na mtu wa kutohudhuria. Tulikaa hivyo hadi Novemba 2025, na petroli Gongoni tuliinunua kwa bei ya wenye wabunge.

Mkulima Mlimani
Mnawaonea sana hawa watu. Wangu alisimama na serikali na lami tumeipata hadi mlango wa kiwanda cha maziwa. Mnataka barabara, mnataka bursari, mnataka daktari, ushuru hamtaki. Halafu semeni ukweli wote. Juni 18, 2024, wiki nzima kabla ya kura ya mwisho, VAT ya mkate iliondolewa, ushuru wa mafuta ya kupikia ukaondolewa, ule wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari ukaondolewa. Kilichopigiwa kura si kile mlichoandamania. Na mkate wenyewe, kwani ndio uhai? Ukikosa mkate kuna muhogo, kuna viazi vitamu. Babu zetu hawakuujua mkate na walifika miaka tisini.

Mama Duka Changamwe
Nilikuwa nasoma kimya lakini hilo la muhogo limenichoma. Baba, mimi nafungua duka saa kumi na moja alfajiri, kreti ya mkate ikishuka. Wa kwanza kufika ni wanaume wa zamu ya bandarini, wanakula wakitembea. Wa pili ni akina mama. Yuko mmoja kila siku ananunua nusu mkate, nakata nikimwona anahesabu kwa macho: vipande saba. Watoto watatu viwili viwili, cha saba cha baba yao. Yeye anakunywa chai ya rangi. Sasa mwambie huyo akachemshe muhogo saa hiyo, kwa makaa ya nani, na watoto watoke saa ngapi kwenda shule? Mkate wa 65 ungeongezwa asilimia 16 ni shilingi kumi na kidogo. Kumi hiyo kwake ndiyo sukari ya chai. Usinambie uliondolewa. Uliondolewa kwa sababu watu walitoka.

Mkulima Mlimani
Mama, sikukudharau. Mimi nalima hivyo viazi, nikivisifu nasifu jasho langu. Mnanunua ngano ya ng'ambo kisha mkulima wa hapa anaoza na gunia lake.

Kijana wa Magarini
Na muhogo msiuseme kama chakula cha waliokosa. Huku kwetu muhogo wa nazi ni karamu, mgeni anapikiwa. Lakini Mama Duka ana haki, wa kupikwa asubuhi ya shule si huo. Na nazi siku hizi umeuliza bei?

Mama Duka Changamwe
Nazi usinianze.

Mwana wa Likoni
Ndugu zangu, nazi tutaizungumza siku nyingine. Kura za majina. Nani anapinga, na kwa nini?

Mtumishi Dodoma
Wakuu, hicho mnacholilia sisi tunacho. Huku Tanzania Bajeti Kuu inapigiwa kura ya wazi. Katibu anaita jina, mbunge anasimama anasema Ndiyo au Hapana, au anasema hana upande. Niliwahi kukaa jukwaa la wageni mwanzo hadi mwisho, mia tatu na zaidi, jina kwa jina. Bajeti ya Juni 2021 ilipita hivyo hivyo, na Julai 15 tozo za miamala ya simu zikaanza, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja. Majina tulikuwa nayo yote. Yalitusaidia nini? Ibara ya 90 ya Katiba yetu inasema Bunge likigoma kupitisha bajeti, Rais anaweza kulivunja. Mbunge anapoitwa jina anajua hilo. Kura ya wazi mwananchi anaiona, lakini chama kinaiona kwanza. Kwangu mimi jina bila ulinzi wa kiti ni kamba tu ya kumfungia mbunge.

Hesabu Sawa
Ndugu wa Dodoma, nakuheshimu, lakini ninyi tozo mlizilipa kimya. Sisi tulitoka, na Rais hakutia saini. Siku moja tu baada ya kura.

Mtumishi Dodoma
Kimya? Nani kakwambia kimya? Mama yangu yuko Kondoa. Mwezi ule wa Julai niliacha kumtumia pesa kwa simu, nikaziweka kwenye bahasha, nikaandika jina lake, nikampa dereva wa basi asubuhi pale stendi. Watu wengi sana tulifanya hivyo. Mawakala wa simu walikaa kwenye vibanda vyao siku nzima bila mteja. Huo ndio ulikuwa mgomo wetu, na Septemba tozo ikapunguzwa asilimia 30, mwaka uliofuata ikapunguzwa tena. Hatukuchoma kitu na hatukuzika mtu. Usiniite mkimya wakati hujui nilichofanya.

Hesabu Sawa
Nakuomba radhi kwa neno kimya. La kutozika mtu ungeliacha. Waliokufa hawakwenda kuchoma. Walikwenda kusikilizwa.

Mtumishi Dodoma
Nimepokea. Na mimi niwie radhi kwa hilo. Mungu awarehemu.

Niko Wichita
Habari za usiku kwenu. Nimesoma hoja ya chama kuiona kura kwanza, nami nina cha kusema kwa sababu niliiona ikitokea hapa ninapoishi. Kansas, mwaka 2012, gavana Sam Brownback na bunge la jimbo walikata kodi ya mapato, na wenye biashara za umiliki binafsi na zile za LLC (kampuni ndogo ambazo mwenyewe hadaiwi madeni yake) wakaambiwa faida yao kodi ya jimbo ni sifuri. Waliahidiwa kwamba biashara zitafurika na ajira zitajaa. Hela ya jimbo ikakauka. Mimi mshahara wa kuwaosha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa ulikuwa unakatwa kodi, na mwenye kampuni hakatwi. Mwaka 2015 kuna wilaya za shule hapa zilifunga muhula mapema kwa kukosa pesa. Sasa sikilizeni: gavana Mrepublican, mabunge yote mawili Warepublican. Uchaguzi wa 2016 wananchi wakawang'oa baadhi ya waliosema ndiyo, wengine kwenye mchujo wa chama chao wenyewe. Juni 2017 bunge likafuta ile sheria, gavana akakataa, nao wakaupindua uamuzi wake kwa theluthi mbili: Seneti 27 kati ya 40, Baraza la Wawakilishi 88 kati ya 125. Bila Warepublican wenzake isingewezekana. Na majina yote yalikuwa yameandikwa, kura ya 2012 na kura ya 2017, ndiyo maana watu waliweza kuwafuata.

Mwana wa Likoni
Hii ndiyo hoja yenyewe! Jina halimwokoi mtu siku ya kura. Linafanya kazi siku ya uchaguzi.

Mtumishi Dodoma
Huko mchujo wa chama wanapiga wananchi. Huku jina la mgombea linarudi kutoka kwa wakuu wa chama. Uliza wa kwetu.

Mkulima Mlimani
Kaka wa Wichita, unaosha wazee wa watu huko halafu unatufundisha ushuru wa Kenya? Rudi ulipe nasi kwanza.

Niko Wichita
Kuosha wazee ni kazi ninayoiheshimu, na ndiyo imesomesha wadogo zangu wanne Kisii. Nikituma pesa mama akinunua mafuta ya taa, VAT na ushuru unakatwa pale pale. Ninalipa nanyi kila mwezi, mzee wangu. Sikutaka kumfundisha mtu.

Mama Duka Changamwe
Mkulima, hilo si la kiungwana. Mtu anaposafisha mzazi wa mwenzake ana thawabu. Mama yangu mimi amelala miaka miwili kabla ya kufa, najua uzito wa kumgeuza mtu kitandani.

Mkulima Mlimani
Nimekosea. Kijana, samahani. Nilichomwa na hili la kila mtu kuniona nimeuza roho kwa lami.

Hesabu Sawa
Naomba mniruhusu kitu ambacho sioni mtu akikigusa. Hata tukishinda hili la majina, kuna ushuru ambao mbunge hapigi kura kabisa. Julai 2024, mswada umeshaanguka, tozo ya kutunza barabara kwenye kila lita ya petroli na dizeli ikatoka shilingi 18 hadi 25. Saba nzima. Haikuja kwa mswada, ilikuja kwa kanuni ya waziri. Orodha ya majina ya hiyo utaitafuta wapi? Na Desemba mwaka huo huo sheria nyingine ya marekebisho ya ushuru ikatiwa saini, baadhi ya yale yale yakarudi kwa mlango wa nyuma. Sisi tunalinda dirisha la kura tu, na mlango uko wazi.

Kijana wa Magarini
Si mahakama ilifuta ile sheria ya ushuru ya 2023 yote?

Mwana wa Likoni
Mahakama ya Rufaa iliifuta Julai 31, 2024. Mahakama ya Juu ikairudisha Oktoba mwaka huo huo. Kwa hiyo ipo. Na kumwita mbunge nyumbani kabla ya muda, ibara ya 104 inasema tunaweza, lakini vifungu vya kutekeleza vilifutwa na korti 2017. Ndiyo maana nang'ang'ania majina, ni kitu pekee kilichobaki mkononi.

Mama Duka Changamwe
Mkulima, hebu nikuulize bila ubaya. Unasema wako alisimama na serikali. Ulisoma jina lake kwenye ile orodha ya 2024?

Mkulima Mlimani
Yeye mwenyewe alitwambia kwenye matanga. Alisema amepigania lami yetu kwa kura yake.

Mama Duka Changamwe
Orodha iko wazi. Itazame.

Mkulima Mlimani
Nimerudi. Nimeisoma mara mbili, na kijana wangu wa chuo kanisaidia. Kwenye ndiyo hayupo. Kwenye hapana hayupo.

Hesabu Sawa
Basi ni mmoja wa wale wangu wasiopiga kura.

Kijana wa Magarini
Na lami ilianza lini?

Mkulima Mlimani
Mkandarasi aliingia 2019. Ilikamilika 2023, kabla ya ule mswada.

Mwana wa Likoni
Mzee wangu, 2019 huyo alikuwa mbunge?

Mkulima Mlimani
Hapana. Aliingia 2022. Nitamuuliza. Kuna harambee ya kanisa Jumapili ya pili na huwa anafika mapema, anakaa mbele. Mnisaidie hizo namba za Juni 2023 pia, niende nazo zote mbili kwenye karatasi.

Hesabu Sawa
Tafuta kumbukumbu za Bunge, Hansard, tarehe 21 Juni 2023. Majina yamo humo. Ukishindwa kufungua, niandikie, nitakunakilia kwa mkono.