Traki nne za tekno za 132 BPM (mapigo kwa dakika): zinaingia kwenye santuri moja ya inchi 12? Na je, lebo au nitoe mwenyewe?

pwani132

Wakuu, habari za humu. Nina EP ya traki nne, tekno yenye ngoma nyingi za asili, zote 132 BPM. Urefu wake ni 7:10, 6:45, 7:30 na 6:20. Besi ni ya sintesaiza, ngoma zimerekodiwa kwa maikrofoni mbili, na traki ya 7:30 ina kipande cha sauti kilichokatwa kutoka santuri ya zamani ya taarabu.

Nataka santuri, si faili tupu. Je, zote nne zitakaa bila sauti kuharibika? Na kuna haja ya kutafuta lebo au nitoe mwenyewe? Bajeti ni ya nakala 100 hivi. Mafaili yameshapita kwenye limita (kibana vilele vya sauti), yanapiga kwa nguvu kweli kweli.

Bi_Santuri

Kukaa zitakaa. Kupiga ndiyo shida. Jumlisha mbili za kwanza: 13:55 upande A. Mbili za mwisho: 13:50 upande B. Kwa mizunguko 33 kwa dakika hiyo inachongeka, lakini mchongaji (fundi anayekata mfereji wa santuri) atashusha sauti, kwa sababu besi nzito inautanua mfereji na mfereji mpana unakula nafasi. DJ akitoka kwenye santuri yenye traki moja upande mzima akaingia kwenye yako, itasikika imesinyaa. Akipandisha gaini, mikwaruzo nayo inapanda.

Kipimo cha santuri za klabu: kwa mizunguko 45 usivuke dakika 9 au 10 kwa upande, na kwa 33 jitahidi ubaki kwenye 12 au 13. Zaidi ya hapo unanunua dakika kwa kuuza nguvu.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Santuri ikizunguka 33, sindano inapita mfereji kwa karibu sentimita 51 kwa sekunde pale ukingoni. Ikikaribia kibandiko cha kati inapita kama sentimita 21 tu. Haihati (upatu mdogo wa ngoma) ile ile inabanwa kwenye nafasi pungufu ya nusu, ndipo "tss" inapogeuka "shff". Kwa 45 namba hizo ni kama 69 ukingoni na 28 ndani, na ndiyo maana watu wa klabu wanaipenda 45. Kwa hiyo traki kali, yenye haihati nyingi au sauti ya mtu, ianze upande. Ile iliyopoa imalizie.

Ushauri wangu: 7:30 peke yake upande A kwa 45. Upande B weka 6:20 kisha 6:45 kwa 33, jumla 13:05 na sekunde chache za ukimya katikati. Ile ya 7:10 iwe ya wanaonunua dijitali. Santuri ya traki tatu si aibu, rafu za tekno zimejaa hizo.

kisiki

Na hiyo limita itoe. Mchongaji anahitaji miksi isiyobanwa: WAV ya biti 24, kasi ya sampuli ibaki ile ile ya mradi wako (kama ni 48 kHz usipandishe kwenda 96, huongezi kitu), vilele viishie kati ya desibeli -6 na -3. Faili lililokatwa vichwa halichongwi kwa sauti kubwa zaidi. Linachongwa kwa sauti ndogo zaidi, kwa sababu kichwa cha kuchonga kinapata moto kwenye sauti za juu zisizopumzika. Kubali kiki (ile ngoma ya besi, si ile ya mitandaoni) iwe na mlima na bonde.

Kingine, bonyeza mono (chaneli zote mbili ziwe moja) usikilize traki zote mwanzo mwisho. Kwenye santuri, tofauti kati ya chaneli ya kushoto na kulia inachongwa kwenda juu na chini, na kile kinacholingana kinachongwa ubavuni. Besi iliyopanuliwa kwa stirio inautia mfereji vilima. Pale unapokuwa mwembamba mno, sindano inaruka.

Maikrofoni mbili ndizo zinazonitia wasiwasi. Moja ikiwa mbali na ngoma kuliko nyingine kwa sentimita 34, sauti inachelewa milisekunde 1, na ukiweka mono masafa ya karibu 500 Hz yanafutana, yaani tumbo lenyewe la ngoma. Kuza mawimbi kwenye skrini, vuta chaneli moja mpaka vilele vya kwanza vikae sambamba. Kama moja inapanda wakati nyingine inashuka, geuza fezi ya moja (pindua wimbi lake juu chini).

fundi_mitambo

Naongezea alipoishia kisiki. Utasikia watu wanasema "weka mono kila kitu chini ya 300 Hz". Kwa muziki wenye ngoma za asili hiyo ni dawa kali kuliko ugonjwa. Ngoma nyingi zina mwili wake kati ya 150 na 300, ukibana hapo zote zinarundikana katikati juu ya kiki na mpangilio wako unakufa. Anzia 120 hadi 150 Hz, kisha mwachie mchongaji aamue mwenyewe kama anahitaji zaidi. Mwitikio wa ukumbi (mwangwi unaoongezwa) kwenye kiki ndio mara nyingi unaoficha besi ya stirio. Kata chini ya 200 kwenye chaneli ya mwitikio tu, si kwenye kiki.

Haihati na "s" za muimbaji: uchongaji hufuata mkunjo wa RIAA (kanuni ya kusawazisha sauti za santuri), besi hupunguzwa na sauti za juu hupandishwa wakati wa kuchonga, kisha priampu ya santuri hurudisha kinyume. Kwa hiyo ukali wako wa 8 kHz unafika kwenye mashine ya kuchonga ukiwa umekuzwa mno. Punguza "s" kwenye chaneli ya sauti yenyewe, usibane miksi nzima.

NjiaPanda

Upande wa lebo. Kabla hujatuma popote jiulize traki zako zingekaa kwenye rafu ipi. Kwa ngoma nyingi, besi nzito na 132 BPM ningesikiliza kwanza Livity Sound na Timedance za Bristol, Hessle Audio ya Uingereza, na Ilian Tape ya München. Hizo zimezoea mdundo uliovunjwa. Kama yako ni kiki nne zilizonyooka na mwangwi mrefu, hiyo ni nasaba ya Basic Channel ya Berlin ya 1993, na warithi wake ni wengine kabisa. Mord ya Rotterdam au Token ya Ubelgiji ni tekno ngumu zaidi. Usitume huko ngoma laini kwa sababu tu jina ni kubwa.

Jirani zetu wa Kampala, Nyege Nyege Tapes, wana lebo dada, Hakuna Kulala, iliyomtoa produsa Slikback wa Nairobi, na Nyege Nyege wenyewe ndio waliotoa mkusanyo wa singeli wa Sisso wa Dar mwaka 2017. Hao hawahitaji ueleze ngoma ni nini. Ila wanatafuta kitu cha ajabu, si tekno ya Berlin iliyovalishwa msewe.

Namna ya kutuma: kiungo kimoja cha faragha chenye kitufe cha kupakua, traki tatu au nne, majina yaliyokamilika, BPM, sentensi mbili za maelezo. Usiambatishe mafaili. Usitume lebo ishirini kwenye barua moja. Kimya cha wiki sita ni jibu. Kumbusha mara moja, kisha endelea na safari.

Ukipata mkataba, angalia mambo matatu. Je, ni leseni ya miaka kadhaa au unauza masta (rekodi yenyewe) moja kwa moja? Leseni ya miaka 5 hadi 7 inavumilika, "milele" haivumiliki. Mgawanyo wa nusu kwa nusu baada ya gharama ni wa kawaida kwa lebo ndogo, lakini gharama ziandikwe ni zipi. Na haki zirudi kwako lebo ikifa au santuri zikiisha bila kugongwa (kutengenezwa kiwandani) tena.

pwani132

Nimewasoma wakuu, asanteni. Kile kipande cha taarabu ni sekunde 4 tu, nimekishusha tuni na kukigeuza nyuma mbele. Na mtu kaniambia niombe mfereji unaojirudia mwishoni mwa upande (sindano inazunguka pale pale), unawezekana?

NjiaPanda

Sekunde 4 au 40, kuna haki mbili: ya aliyetunga na ya aliyemiliki kurekodi. Ofisi ya hakimiliki (COSOTA bara, COSOZA Zanzibar) inaweza kukusaidia kumpata mtunzi au warithi wake. Mwenye kurekodi ni mwingine, na lebo za santuri za zamani nyingi zimeshafungwa, kwa hiyo msako unaweza kuchukua miezi. Viwanda vya santuri navyo hukusainisha fomu kwamba haki zote ni zako. Ukisaini uongo, hasara ni yako, si ya kiwanda.

Njia fupi: mlete muimbaji wa taarabu studio, mlipe, aimbe mstari mpya kabisa uliotunga wewe, msaini karatasi. Ukisharekodi uuchafue upendavyo. Kwa kuwa umeshakishusha na kukigeuza, nani atajua tofauti?

fundi_mitambo

Mfereji unaojirudia unawezekana, na hesabu yake ni nzuri. Kwa 33 na theluthi, mzunguko mmoja ni sekunde 1.8. Mapigo manne yanatimia ndani ya 1.8 yakiwa 133.33 BPM. Wewe uko 132, mapigo yako manne ni sekunde 1.818, kwa hiyo kila mzunguko utakata mkia na kusikika unachechemea. Ongeza kasi ya hicho kipande peke yake kwa asilimia 1. Kwa 45 mzunguko ni sekunde 1.33, mapigo matatu kwa 135, hapo unapata mdundo wa tatu usioutarajia. Mchongaji Ron Murphy wa Detroit ndiye aliyemchongea DJ Jeff Mills mifereji hii katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990. Mwulize mchongaji kwanza, si wote wanakubali, na wengine wanatoza kila mfereji.

Bi_Santuri

Kuhusu uchongaji wenyewe utaulizwa: laka au shaba? Laka ni sahani ya alumini iliyopakwa vanishi. Baada ya kuchongwa inapuliziwa fedha, inafunikwa nikeli, na nikeli hiyo ndiyo inayozaa vyuma vya kugongea. Shaba ni chuma kinachochongwa chenyewe moja kwa moja, hatua zinapungua, sauti za juu zinakuwa kali zaidi. Kwa besi kama yako mimi nachagua laka. Foleni usiishangae: Februari 2020 kiwanda cha Apollo Masters cha California kiliungua, na tangu hapo soko la laka limeegemea MDC ya Japani.

USIRUKE nakala za majaribio. Zikifika (mara nyingi 5), sikiliza zote, angalau moja kwenye mashine ya bei rahisi. Mlio wa "tik" ukiwa dakika ile ile kwenye nakala zote, kosa liko kwenye vyuma au kwenye uchongaji, kataa. Ukiwa kwenye nakala moja tu, ni vumbi au ni hiyo nakala. Tuni ikiyumba mara moja kila sekunde 1.8 (kwa 33), tundu halikukaa katikati. "Shaaa" inayojirudia kwenye eneo moja maana yake plastiki haikujaza mfereji, joto au muda wa kugonga haukutosha. Andika upande, dakika na sekunde unapolalamika. "Sauti si nzuri" haimsaidii mtu kiwandani.

hesabu_kwanza

Wote mmesema sauti, mimi nasema mfuko. Kuna viwanda vinaanzia nakala 100, vingine 300. Kuchonga na vyuma ni gharama ile ile ukitoa 100 au 300, kwa hiyo ukitoa 100 kila nakala inakuwa ghali sana. Usigonge 300 kwa sababu hiyo, lakini. Ghala chini ya kitanda si akiba.

Inchi 12 ya gramu 140 na jalada la kawaida ni kama gramu 220. Mia moja ni kilo 22 kabla ya maboksi. Zikigongwa Ulaya na wanunuzi wako wakiwa Ulaya, usizilete Dar ili uzirudishe tena. Tafuta msambazaji au mtu wa kutuma kutoka huko huko, wewe pokea 20 za nyumbani na za redio. Gramu 180 achana nayo, haiongezi besi, inaongeza nauli.

Bandcamp wanakata asilimia 15 kwa dijitali na 10 kwa bidhaa, juu yake ada ya malipo. Malipo yanapita PayPal, kwa hiyo kabla ya kufungua ukurasa hakikisha akaunti ya nchi yako inapokea, si kutuma tu. Kenya unaweza kuzivuta kwenda M-Pesa. Fungua oda za mapema baada ya nakala za majaribio kupita, siyo kabla. Ukiahidi tarehe halafu vyuma vikakataliwa, miezi inaongezeka na wateja wanadai pesa.

pwani132

Basi mpangilio wangu: naondoa limita, naweka ngoma sambamba, narekodi sauti mpya ya taarabu, natuma kwa lebo mbili. Baada ya wiki sita kama kimya, nakala 100, laka, A kwa 45 na B kwa 33. Nimekosea wapi?

Bi_Santuri

Kasi. Iandike kwa herufi kubwa kwenye vibandiko vyote viwili, na kwenye karatasi ya maelekezo kwa mchongaji. Upande wa 45 ukichezwa kwa 33, 132 BPM yako inakuwa 98, na kuna DJ atadhani ndivyo ulivyokusudia.