Vazi la shujaa linapanda kiunoni kila mwigizaji anapoinua mikono: nirekebishe wapi?

Mbunifu wa Kipanga

Hamjambo wanajukwaa. Ninabuni vazi la shujaa wa filamu fupi ambayo sisi marafiki watano tunaitengeneza hapa Nairobi, kutokana na vibonzo tulivyovichora wenyewe kwa miaka mitatu. Shujaa wetu anaitwa Kipanga. Ni msichana wa Kaloleni anayeruka juu ya mapaa ya mabati, na katika michoro yetu vazi lake ni la manjano na zambarau, limemganda mwilini bila mkunjo hata mmoja, lina joho fupi linalofunguka kama mabawa, na barakoa inayofunika kichwa chote hadi puani.

Jumamosi iliyopita tulifanya jaribio la kwanza la kamera juu ya paa la jengo moja huko Ngara. Nilikuwa nimenunua Eastleigh kitambaa cha nailoni kinachovutika, nikakikata kwa vipimo nilivyochukua mwigizaji akiwa amesimama wima, mikono chini, kama ninavyopima sare za shule. Aliposimama alipendeza sana. Alipoinua mikono ili aruke, vazi zima lilifuata mikono: kiuno kilihamia mbavuni, miguu ya suruali ikapanda juu ya vifundo, na katikati ya mapaja kitambaa kikavutika hadi mshono ukaanza kufumuka. Shingo nayo haikugeuka. Kila alipotaka kutazama pembeni ilimbidi ageuke mwili mzima. Jioni tulipotazama picha, niliumia zaidi kuona kwamba manjano yale niliyoyapenda kwenye karatasi yalimfanya aonekane kama amevaa nguo za kulalia.

Nikiongeza ukubwa, linalegea kifuani na mgongoni. Nikiliacha lilivyo, hawezi kuruka. Nifanye nini? Nilifikiria pia kushonea shanga kifuani ili lipate uhai. Bajeti iliyobaki ni shilingi 18,000, na ninaomba ushauri wa watu waliowahi kukabiliana na jambo hili kwa mikono yao.

Fundi wa Pumwani

Mwanangu, usiongeze ukubwa, kwa kuwa tatizo lako liko kwapani. Nimeshona kanzu tangu ujana wangu, na kanzu iliyokatwa vizuri humruhusu mtu kuinua mikono yote miwili kwenye sala bila pindo la chini kupanda. Siri yake ni kikwapa, kile kipande kidogo kinachotiwa chini ya mkono, mahali ambapo mkono, badani (kipande kikuu cha mwili) na taharizi (kipande cha ubavuni) vinakutana. Mikono ikiwa chini, kikwapa hujikunja na kujificha; mikono ikipanda, hufunguka na kutoa kitambaa kile ambacho vazi lako lilikwenda kukitafuta kiunoni.

Kabla ya kikwapa, angalia tundu la mkono. Wengi hudhani kwamba tundu kubwa linaloshuka hadi mbavuni ndilo linalompa mtu uhuru, kumbe ni kinyume chake, maana mkono ukipanda, tundu lililoshuka hushika mbavu za nguo na kuzivuta zote juu. Lipandishe likaribie kwapa kabisa, ubakishe upana wa kidole kimoja tu. Kisha kata kikwapa chenye umbo la almasi, urefu kama sentimita 12 na upana sentimita 8, ukikate mshazari ili kivutike kila upande. Hivyo ni vipimo vya kuanzia. Mwili wa mwigizaji ndio utakaokuambia uongeze au upunguze. Katikati ya mapaja tia kipande cha namna hiyohiyo.

Mshono wako ulifumuka, nadhani, kwa sababu uliushona kwa mstari ulionyooka. Kitambaa kinachovutika kinataka zigizaga au ovaloki, la sivyo kitambaa huvutika na uzi hukatika. Na safari hii piga bandi kwanza, yaani ushone kwa muda kwa mishono mirefu inayofumuliwa. Mvalishe, mwambie ainue mikono, achuchumae, apige hatua ndefu, na wewe ufuate kwa chaki kila mahali panapovuta. Nguo ya mtu anayeruka haipimwi akiwa amesimama.

Mpigapicha wa South B

Ninazungumzia rangi. Superman alipotokea mwaka 1938, vibonzo vilichapwa kwa wino wa rangi chache kwenye karatasi duni, na rangi kali zilizo bapa ndizo zilizosomeka. Kwenye filamu kitambaa bapa cha manjano hakina kivuli cha kukitambulisha: jua linakipiga, nacho kinarudisha mwanga wote hadi chini ya kidevu cha mwigizaji. Tia manjano kidogo ya haradali au ya kutu, kisha kipe kitambaa uso wa kushika mwanga. Katika filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, iliyompa Ruth E. Carter tuzo ya Oscar ya ubunifu wa mavazi mwaka uliofuata, vazi la shujaa lilijazwa pembetatu ndogondogo ambazo kwa mbali huzioni, lakini zinalifanya lionekane kuwa na kina. Wachapishaji wa fulana wa hapa mjini wanao wino unaovimba ukipata joto. Mpelekee mmoja kitambaa chako kabla hujakikata, akuchapie manyoya ya kipanga, makubwa mabegani na madogo kiunoni. Usiyafanye kuwa mistari myembamba iliyosongamana, kwa sababu mistari hiyo hugongana na vitone vya kamera na picha ikaonekana kama inachemka.

Mkifikiria kutumia pazia la rangi, lile ambalo kompyuta huifuta rangi yake na kuweka mandhari nyingine, kwa matukio ya kuruka, jihadharini. Katika Spider-Man ya mwaka 2002, shujaa mwenye nyekundu na buluu alipigwa picha mbele ya pazia la kijani, na adui yake wa kijani mbele ya pazia la buluu. Kipanga ana manjano iliyo jirani na kijani na zambarau iliyo jirani na buluu, hivyo mapazia yote mawili yatawasumbua. Mimi ningempiga picha dhidi ya anga halisi, kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Nairobi iko karibu sana na ikweta, na jua la saa sita likiwa utosini, paji la barakoa hutupa kivuli machoni na uso ukabaki na mashimo mawili meusi.

Mtengeneza Zana, Kariobangi

Barakoa yako ina ugonjwa uleule wa vazi la Batman la mwaka 1989. Kichwa, shingo na mabega viliungana, na Michael Keaton hakuweza kugeuza kichwa, kwa hiyo aligeuka kifua kizima. Ilipofika mwaka 2008, katika The Dark Knight, kofia ilitenganishwa na shingo, na tatizo likaisha. Nawe kata barakoa chini kidogo ya taya, halafu umshonee kola ndefu ya zambarau inayoingia ndani ya barakoa. Kichwa kitageuka, na ungio litakuwa kivulini. Ngozi inayobaki wazi kuzunguka macho ipakwe rangi nyeusi, ili kusionekane pengo kati ya jicho na barakoa.

Kama unataka mabega magumu, nunua yale mazulia ya sponji ya watoto yanayounganishwa kwa meno. Kata, pasha kwa hewa ya moto, kunja juu ya goti lako, ushikilie hadi yapoe. Gundi ya viatu ipakwe pande zote mbili na iachwe hadi isinate ukiigusa, ndipo uunganishe; fanya kazi hiyo nje, kwa maana mvuke wake ni mbaya. Kabla ya rangi paka tabaka tatu za gundi ya mbao iliyotiwa maji, kwani sponji tupu hunywa rangi. Nakusihi usigandishe kipande cha bega moja kwa moja kwenye vazi. Kishikize kwa lastiki mbili, moja shingoni na moja mkononi, la sivyo kazi yote ya Fundi ya kufungua kwapa itapotea. Tia pia zipu ndefu inayomwezesha dada huyo kwenda msalani bila kuvuliwa na watu wawili. Ni heshima yake, na atakaa ndani ya joto hilo kwa saa nyingi.

Mnasa Sauti

Kuhusu shanga: zitasikika. Kila hatua na kila pumzi ya mwigizaji itaingia kwenye kinasa sauti, na maneno yake mtalazimika kuyarekodi upya. Chapa picha ya shanga, au uzishone kwenye vazi la pili la kusimama kimya.

Mbunifu wa Kipanga

Shikamoo Mzee Fundi, na asanteni nyote kwa moyo wenu. Jana usiku nilipandisha matundu yote mawili, lakini kikwapa nilikitia mkono wa kulia tu, kwa bandi, ili nione tofauti. Nilichora mstari wa chaki kiunoni na kumwomba mwigizaji ainue mikono. Upande wa kulia chaki ilibaki mahali pake. Upande wa kushoto ilipanda upana wa vidole vitatu, na mstari uliokuwa umelala ukawa kilima. Yeye mwenyewe alijitazama kwenye kioo, akashusha mikono na kuinua tena mara nne bila kusema neno. Barakoa nimekwisha kuikata, shanga nimeziacha, na kitambaa kipya cha rangi ya haradali kitakwenda kwa mchapishaji Jumatatu.

Limebaki swali moja kwa Mzee: je, kipande cha katikati ya mapaja nacho nikikate mshazari?

Fundi wa Pumwani

Marahaba, mwanangu. Ndiyo, mshazari vilevile, na ukishone kabla hujafunga mishono yote ya ndani ya miguu. Ukichelewa, cherehani haitakufikisha vizuri penye pembe zake, na pembe ndizo zinazofumuka kwanza.