Wenye kampuni za mlima: acheni kuziba matundu ya hewa kwenye mahema ya wagumu (wapagazi), mtaua watu!

Wakuu salaam. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa tipu, hili ni jambo lingine kabisa.

Niko Moshi, kazi yangu ni mlima Kilimanjaro. Nilianza kama mgumu nikibeba mahema, sasa ni mpishi. Nimeshuka kwa lango la Mweka juzi nikiwa na hasira ambazo hazijaisha hadi naandika hapa. Kuna mtindo umeingia mjini: hema likichakaa, tajiri hanunui jingine, analipeleka kwa fundi cherehani "aliboreshe". Na akishaliboresha halali mgeni mle. Wanalala wagumu.

Hema ninalolisemea ni mesi, lile refu la kusimama. Jioni wageni wanakula humo, meza na viti vikitolewa wagumu wanatandika. Lilikuwa limechoka kweli, sikatai. Sakafu ilikuwa na michaniko, zipu ya mlango imelegea, kitambaa cha juu kimepaukia jua. Tajiri akaona kwenye simu video za watu wa Marekani na Kanada wanaovua samaki juu ya maziwa yaliyoganda, namna wanavyojitengenezea vihema vyao nyumbani: wanaongeza kitambaa kizito ndani, wanashona pindo pana kuzunguka chini kabisa, wanalifukia kwa theluji upepo usipenye. Akampelekea fundi ile video. Fundi akafanya alichoambiwa, na mkono wake ni mzuri, simlaumu.

Sasa sikilizeni kilichofanyika. Sakafu ilikatwa yote ikatupwa. Pindo la turubai la lori likashonwa kuzunguka chini. Ndani yakabandikwa mablanketi ya mtumba kuanzia kiunoni hadi juu. Na yale matundu mawili ya hewa kule kileleni, yenye wavu na kikofia, yakashonewa vipande vya turubai kwa sababu "ndiko baridi linakoingilia".

Wavuvi wale wana sababu ya kutokuwa na sakafu, jamani! Wanatoboa barafu chini ya miguu yao ili washushe ndoano. Sisi Barafu Camp, kambi ya mwisho kabla ya kilele, tunavua nini? Mtu aliyebeba mzigo kutwa nzima analazwa juu ya kokoto za volkano, mita 4,600 na ushee, kwa sababu tajiri amenakili kitu bila kuuliza kiliwekwa kwa ajili gani.

Na hicho kihema cha mvuvi kinavutwa kwa sleji au kwa gari hadi katikati ya ziwa. Uzito si tatizo lake. Minnesota kule Marekani, ambako uvuvi huo ni jambo la kawaida kila msimu wa baridi, sehemu ya juu kabisa ya jimbo zima ina mita 701. Hapo ni chini ya Moshi mjini! Mtu anakaa saa kadhaa, anapata samaki wake, anarudi nyumbani. Na hata yeye, pamoja na hewa yote aliyonayo kule chini, akiwasha jiko la gesi ndani anatakiwa aache matundu ya juu wazi. Majiko yao mengi yana kihisi kinachozima moto oksijeni ikipungua, na yapo ambayo watengenezaji wenyewe wanaonya kwamba ukipita mita 2,100 hivi yanaweza kujizima yenyewe. Machame Camp tu, usiku wa kwanza, umeshapita hapo. Hayo kwenye video tajiri hakuyaona, au aliyaona akayaruka.

Nije kwenye usiku wenyewe.

Barafu tunaamka saa tano usiku kuwachemshia wageni chai kabla hawajaanza kupanda. Nikaenda mesi kumwamsha weita. Zipu imefungwa mpaka chini, pindo limefukiwa kwa mawe na changarawe pande zote, vizuri kabisa kama tajiri alivyoagiza. Nikafungua. Joto zito likanipiga usoni, na katikati ya watu waliolala kuna jiko la gesi linawaka. Moto wake si wa bluu. Ulikuwa wa njano, unacheza polepole, na juu yake blanketi linadondosha matone. Nikaita, watu wawili hawakuitika. Wengine wakaanza kukaa wanashika vichwa. Mmoja akatapika hapohapo alipolala. Tuliwaburuta nje kwenye upepo, nikazima jiko, nikapiga mateke yale mawe hadi pindo likaachia.

Gaidi (yaani guide, kiongozi wa safari) akasema ni mlima, wameugua kimo, ule ugonjwa wa kuwa juu sana, tuwashushe. Nikamwambia kaka, hawa wamelala hapa msimu hadi msimu, iweje leo waugue wote kwa saa moja? Kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, miguu kukosa nguvu: dalili za kimo na dalili za kaboni monoksaidi zinafanana, ndiyo maana watu wanapotea. Tofauti tuliiona palepale. Walipokaa nje wakivuta hewa safi walianza kupata nafuu bila kushushwa hata hatua moja. Ugonjwa wa kimo haukuachii haraka namna hiyo ukiwa umekaa kimo kilekile.

Kwa wasioijua, hiyo ni hewa isiyo na rangi wala harufu, inatoka pale moto unapokosa oksijeni ya kutosha. Damu inaishikilia zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishikilia oksijeni. Na pale Barafu oksijeni unayoipata kwa kila pumzi haifiki asilimia 60 ya ile ya Tanga ufukweni. Mwili unahangaika tayari, jiko nalo linahangaika tayari, halafu mtu anakuja kuziba tundu la mwisho kwa uzi na sindano.

Kabla hamjaniandikia kwamba wagumu ndio walioingiza jiko: ndiyo, waliliingiza. Wamekatiwa sakafu, wanalala kwenye mawe, nje maji kwenye ndoo yameganda. Mnategemea wafanye nini? Gaidi apige marufuku jiko ndani ya hema la kulala, nakubali asilimia mia. Lakini usimwondolee mtu kinga ya baridi chini ya mgongo halafu ukamlaumu kwa kutafuta moto.

Tajiri nilipompigia alinijibu hivi: "Mbona safari iliyopita walilala humo hawakulalamika?" Yaani mpaka tushushe maiti ndipo iwe malalamiko.

Halafu uzito. Turubai la lori lina kati ya gramu 500 na 700 kwa mita moja ya mraba. Kitambaa cha hema jepesi la mlima kwa kawaida hakifiki hata gramu 100. Pigeni hesabu ya pindo lililozunguka mesi nzima, muongeze mablanketi. KINAPA, wale wa hifadhi ya mlima, wanapima kilo 20 getini, hema likiwa kavu. Likilala usiku mmoja na watu ndani, mvuke wa pumzi zao unapanda, haupati pa kutokea, unaganda kwenye blanketi, asubuhi unayeyuka. Blanketi limekunywa maji. Kutoka kambi ya Shira hadi ya Barranco kupitia Lava Tower mgumu anabeba kilo ambazo hakuna mzani uliowahi kuziona, na hakuna anayemlipia.

Hema la mlima halikutengenezwa lipashe watu joto kama nyumba. Kazi yake ni kuzuia upepo na mvua, na kutoa mvuke. Joto linatokana na kinachokutenganisha na ardhi na kinachokufunika. Hilo ndilo nataka wenye kampuni walielewe, kwa sababu pesa waliyotoa kwa mablanketi na turubai ingenunua magodoro membamba ya fomu (foam) yale yasiyonyonya maji, na yakabaki mazima misimu mingi. Na mimi mpishi niko tayari kila jioni kumjazia kila mgumu chupa ya maji ya moto aingie nayo kwenye begi la kulalia. Gesi ya kuchemsha hayo maji ni kidogo sana kuliko ile iliyokuwa inawaka mle ndani usiku.

Kukarabati hema si dhambi. Hata mahema mazuri yanachanika, upepo wa pale juu tunaujua. Ila kuna namna yake, na mafundi wa masoko ya Memorial na Mbuyuni hapa Moshi wanaiweza wakielekezwa:

Tundu la hewa likivuja mvua, rekebisha kikofia chake. Shonea waya mgumu au kipande cha bomba jembamba ukingoni kikae kimeinuka, wavu usiguswe. Na liwepo jingine chini upande usio na upepo, hewa iingie huku itokee kule. Sakafu ikichanika, ipige kiraka na utandike chini yake karatasi ya nailoni iliyokatwa ndogo kuliko sakafu. Ikizidi ukubwa inakinga mvua na kuipeleka chini ya hema. Viraka vikatwe pembe za mviringo, pembe kali zinabanduka. Kitambaa kilichopakwa silikoni hakishiki gundi nyingine isipokuwa ya silikoni, kwa hiyo fundi ajaribu kwanza kwenye kona iliyofichika. Uzi uwe wa poliesta. Sindano iwe nyembamba, namba 80 inatosha. Fundi akitumia ile nene ya kushonea maturubai anaacha mashimo mfululizo, na siku ya upepo hema linachanika kwa kufuata mshono wake mwenyewe. Pale kamba za kuvutia zinaposhika, weka kitambaa cha pili kabla ya kushona, kwa sababu kule juu pegi haziingii ardhini na kamba zinafungwa kwenye mawe, mvuto wote unaishia hapo.

Na kama kitambaa cha juu kimeanza kunata na kunuka, kile kipako cha ndani kinabanduka kama magamba, hilo hema limekufa. Hakuna cha fundi. Nunua jingine.

Ninachokitaka sasa. Wagumu wenzangu mlio humu, mkipewa hema getini, kabla hamjalifunga begani lifungueni mtazame juu. Tundu likiwa limeshonwa, lipigeni picha mweke hapa, jina la kampuni mliache kwa sasa. Magaidi, nyie ndio mnaosikilizwa ofisini, kataeni kusaini vifaa vya namna hiyo. Jamaa wa KPAP, shirika la kusaidia wagumu wa Kilimanjaro, wanaowaazima wagumu nguo za baridi bure wapo hapa hapa Moshi, na suala la mahali mgumu analala ni mambo wanayoyafuatilia, nitapeleka picha zangu kwao wiki hii.

Na wewe tajiri, najua uzi huu utaupata. Hema liko stoo, safari nyingine inaondoka Jumamosi. Vile vipande viwili vya juu vinafumuliwa kwa wembe, ni kazi ya dakika kumi. Nitakuja na wembe wangu Ijumaa. Ukinifungia stoo, mimi mlimani sipandi na hilo hema, na nitawaambia vijana wote sababu yake.